Jimba, Southern Credit, Trust Bank, Savings & Loan: nani alirithi benki hizi, na karatasi za mzee nizipeleke wapi?

Nyalenda_B (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Naomba msaada wa wanaojua historia ya benki zetu kwa undani. Nashughulikia mirathi ya mzee wetu, nyumbani ni Seme. Katika karatasi zake kuna nne ambazo sijui nizipeleke wapi, maana kati ya benki zilizoziandika hakuna hata moja yenye bango mjini leo.

Ya kwanza ni kitabu cha akiba cha Jimba Credit Corporation, muhuri wa mwisho ni wa 1988. Ya pili ni risiti ya fiksi (amana ya muda maalumu) ya Southern Credit ya mwaka 2006, na hatujui kama aliitoa ilipoiva. Ya tatu ni barua ya Trust Bank ya 1997 yenye salio la akiba la Sh64,000 na ushee. Ya nne ndiyo inayotukosesha usingizi: tulifanya sachi ya shamba (upekuzi wa rejista ya ardhi) tukakuta rehani ya Savings & Loan Kenya Limited bado imeandikwa pale, ilhali familia nzima inajua mkopo ulimalizwa zamani.

Mmoja ananiambia zote zilikufa, nisahau. Mwingine anasema niende UFAA, ile mamlaka ya serikali ya mali za kifedha zisizodaiwa, basi. Mwingine ananituma Consolidated Bank. Naomba mwenye ufahamu aniambie kila benki iliishia wapi na nianze na ipi.

Karani_Mstaafu (Nakuru)

Pole kwa msiba, ndugu. Anayekwambia zote zilikufa amekosea, na anayekutuma mahali pamoja kwa karatasi zote nne amekosea vilevile. Benki hizo ziliondoka sokoni kwa njia tofauti, na njia iliyotumika ndiyo inayoamua nani anadaiwa na nani.

Kuna kuungana kamili: benki moja inaingia ndani ya nyingine, na kila kitu kinahama, yaani amana, mikopo, rehani, kesi zilizo kortini, hata wafanyakazi. Kwa sheria ya benki, Sura 488, kifungu cha 9, jambo hilo linahitaji idhini ya Waziri wa Fedha, na likishaidhinishwa, haki na madeni ya benki ya zamani yanakuwa ya benki mpya bila kila mteja kutia sahihi upya. Hapo mrithi ni mmoja tu na hawezi kukwambia "hilo lilikuwa deni la wale wa zamani".

Kuna kuuzwa kwa hisa. Mwenye kampuni anabadilika, pengine na jina, lakini kampuni ni ileile. Benki ya Transnational ya 1985, ambayo watu wa Nakuru na Eldoret wanaikumbuka, iliuzwa kwa Access mwaka 2020 na ikaitwa Access Bank Kenya. Akaunti ya Transnational haikuhama popote.

Halafu kuna kuchukuliwa kwa sehemu ya mali na sehemu ya madeni. Hii ndiyo inayopoteza watu. Mnunuzi anachagua: amana hizi nazibeba, zile hapana, mikopo hii ndiyo, jengo lile siitaki. Benki ya SBM ilichukua Chase Bank hivyo mwaka 2018. Kinachobaki nyuma kinabaki na kampuni ya zamani au na mfilisi.

Mwisho kuna ufilisi wenyewe, ambapo hakuna mrithi, kuna mfilisi tu.

Sasa karatasi zako. Savings & Loan ni kuungana kamili. Jimba ni kuungana kamili, ingawa kwa sura ya pekee ambayo nitaieleza. Southern Credit ni kuungana kamili mara moja, kisha kubadili jina, kisha kuchukuliwa kwa sehemu. Trust Bank ni ufilisi. Nne zako zimeangukia karibu kila njia, kwa hiyo usiandike barua moja ukaitoa kopi nne.

Kuhusu Jimba. Miaka ya 1980 nchi ilijaa kampuni za fedha na vyama vya majengo. Sababu ilikuwa wazi: mtaji wa kuanzisha kampuni ya fedha ulikuwa mdogo kuliko ule wa benki kamili, na ziliruhusiwa kutoza riba ya juu zaidi. Zikavuta amana kwa kuahidi riba nono, zikachukua pia amana kubwa za mashirika ya umma, kisha zikakopesha kwa miaka mingi kwenye majengo na mashamba, na mara nyingi kwa wakurugenzi wao wenyewe. Pesa iliyoingia ilikuwa ya kutolewa wakati wowote. Iliyotoka ilikuwa ya kurudi baada ya miaka kumi. Mashirika yakianza kutoa amana zao kwa pamoja, kampuni haina pa kushika. Rural Urban Credit Finance ilianguka 1984, kundi la Continental likafuata 1986. Katikati ya misukosuko hiyo, Hazina ya Kulinda Amana iliundwa kisheria mwaka 1985.

Ilipofika 1989 kulikuwa na taasisi tisa zisizoweza kulipa. Serikali haikuzifunga moja moja. Ilianzisha kampuni mpya Desemba 1989, Consolidated Bank of Kenya, ikazimwaga zote humo. Zilikuwa Jimba Credit Corporation, Union Bank of Kenya, Estate Finance, Estate Building Society, Business Finance, Home Savings and Mortgages, Kenya Savings and Mortgages, Nationwide Finance na Citizen Building Society. Ukitaka benki ya Kenya iliyozaliwa kwa kuunganishwa tangu siku yake ya kwanza, ni hiyo. Na ilianza maisha yake ikiwa na mzigo: wagonjwa tisa waliunganishwa kwa mkupuo, kila mmoja na leja zake za mkono, namba zake za akaunti na mikopo yake mibovu. Benki hiyo ingali ya umma mpaka leo, Hazina ya Taifa ikiwa na hisa nyingi na mashirika kadhaa ya umma yakiwa na zilizobaki. Historia hiyo ya mwanzo inaeleza kwa nini imekuwa ikihangaika na mtaji miaka yote.

Kwa hiyo kitabu cha Jimba kinaelekea Consolidated, makao makuu Koinange Street, Nairobi. Usipoteze nauli kwenda tawini, kwa sababu tawi halina leja za 1988.

Kabla hujaandika, fungua kitabu chenyewe utazame vitu hivi. Ukurasa wa kwanza kuna namba ya akaunti na mara nyingi namba ya folio (ukurasa) ya leja, imeandikwa kwa kalamu pembeni. Nakili zote mbili. Halafu tazama mstari wa mwisho wenye salio: kuna muhuri wa tarehe na herufi za keshia? Mstari usio na muhuri wala herufi hauna nguvu. Tazama pia kama kurasa za mwisho zimekatwa kona au kutobolewa, maana kitabu kilichofungwa kiliharibiwa hivyo mbele ya mteja. Kama kimekatwa kona, pesa ilishatolewa na safari imeishia hapo.

Folio_71 (Kakamega)

Karani amesema kweli tupu. Naongezea Southern Credit, kwa sababu watu wengi wa magharibi, hasa walimu, wana karatasi zake na hawajui zilipitia wapi.

Fuata hivi. Bullion Bank ilifungwa mwaka 1998, ikafunguliwa tena, na Desemba 2001 ikaingia ndani ya Southern Credit Banking Corporation. Tarehe 1 Juni 2010 Southern Credit ikaungana na Equatorial Commercial Bank, jina likabaki Equatorial. Sababu haikuwa siri: sheria ya fedha ya 2008 ilipandisha mtaji wa chini kutoka Sh250 milioni hadi Sh1 bilioni ifikapo 2012, na benki ndogo zilikuwa na njia mbili tu, kutafuta mwenye pesa au kutafuta mwenzake. Mwalimu Sacco wakainunua Equatorial, ikabadilishwa jina kuwa Spire Bank mwaka 2016. Mambo hayakwenda vizuri, mtaji ukaliwa na hasara, na Januari 2023 Equity ikachukua amana na mikopo yake: takriban wateja 20,000 wenye amana ya kama Sh1.3 bilioni, na wateja wapatao 3,700 wenye mikopo.

Sasa zingatia neno la Karani. Equity haikuungana na Spire. Ilichukua baadhi ya mali na baadhi ya madeni. Amana za wateja wa kawaida zilihamia Equity, lakini hilo lilihusu amana zilizokuwa kwenye vitabu vya Spire siku hiyo ya 2023. Fiksi ya 2006 ambayo haikuguswa huenda ilishatoka kwenye vitabu hivyo zamani, kwa njia mojawapo ya hizi:

Mzee aliitoa ilipoiva. Hapo risiti halisi ingekuwa imerudishwa benki. Kama mkononi mwako kuna risiti halisi, siyo kopi, hiyo ni dalili nzuri.

Au iliiva, na kwa kuwa aliandika maagizo ya kuendelezwa, ikaendelea kujirudia kila muhula. Tafuta kwenye risiti sehemu ya maagizo ya kuiva.

Au iliiva, ikamiminwa kwenye akaunti yake ya akiba, ikalala. Akaunti ikilala miaka 5 bila mwenyewe kuigusa, sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya 2011 inaihesabu kuwa imetelekezwa, na benki lazima iikabidhi kwa UFAA. Kila mwenye kushikilia mali kama hizo huwasilisha ripoti ifikapo tarehe 1 Novemba, kwa hesabu za mwaka ulioishia Juni 30.

Kwa hiyo anza na UFAA kwa karatasi hii, siyo Equity. Piga *361# uweke namba ya kitambulisho cha mzee.  Kisha tafuta pia kwa majina kwenye tovuti yao, na hapa ndipo wengi hukosea. Jina liliingizwa kutoka leja ya mkono. Kama mzee alikuwa Otieno, jaribu pia Otiento, Atieno, Otyeno. Jaribu jina la ubatizo likiwa la mwisho. Jaribu bila jina la ubatizo kabisa. Akaunti za zamani nyingi zilifunguliwa kwa kipande au kwa kitambulisho cha kizazi cha kwanza, na namba ile haikuhamishwa kila benki ilipobadilisha mfumo wa kompyuta. Namba ikikosa haimaanishi pesa haipo.

Mpesa_Na_Ugali (Nakuru)

Kwa nini asianze tu na UFAA kwa zote nne? Pesa zote zilizolala si ziko huko?

Folio_71 (Kakamega)

Hapana, ndugu. UFAA inapokea kile walichoripoti wenye kushikilia. Shamba lenye rehani haliko UFAA. Trust Bank haiko chini ya utaratibu wa kawaida, iko kwa mfilisi. Na ya Jimba ni ya miaka zaidi ya ishirini kabla ya sheria ya 2011: kama akaunti iligugunwa na ada za leja miaka yote ya tisini mpaka ikabaki sifuri, hakuna cha kuripotiwa. Ndiyo maana kwa Jimba barua kwa benki inatangulia, ukiuliza mambo mawili waziwazi: akaunti ilifungwa lini na kwa salio gani, au ilikabidhiwa UFAA lini na kwa kiasi gani. Wakijibu la pili, unakwenda UFAA ukiwa na tarehe ya makabidhiano mkononi, na dai lako linakwenda haraka zaidi.

Jambo lingine: benki zinatakiwa kisheria kuhifadhi rekodi za miamala angalau miaka 7. Baada ya hapo haziwezi kulaumiwa kwa kutupa leja. Mzigo wa ushahidi unakuwa wako, na ushahidi ni kile kitabu. Usimpe mtu yeyote kitabu halisi kaunta. Toa kopi iliyothibitishwa na wakili, halisi ionekane na irudi nawe.

Wakili_Milimani (Kisumu)

Nachukua ya shamba, kwa sababu ndiyo yenye thamani kubwa na ndiyo inayoweza kuzuia mirathi nzima. Ndugu Nyalenda, hutaweza kuwagawia ndugu zako shamba hilo mpaka rehani iondoke kwenye rejista.

Tazama matokeo ya sachi. Rejista ina sehemu tatu: A ni maelezo ya ardhi, B ni mwenyewe, C ni mizigo iliyo juu ya ardhi. Rehani iko sehemu C, ina namba ya ingizo, tarehe, jina la mkopeshaji na kiasi. Nakili yote neno kwa neno. Mara kwa mara kuna maingizo mawili, rehani ya kwanza na nyongeza, na watu huondoa moja wakasahau ya pili.

Mrithi wa Savings & Loan ni KCB, lakini kuna ngazi mbili na lazima uzionyeshe zote mbili. Savings & Loan ilikuwa kampuni tanzu ya KCB tangu 1972, ikishughulika na mikopo ya nyumba na ardhi. Tarehe 1 Februari 2010 iliunganishwa na Kenya Commercial Bank Limited. Kisha kuanzia Januari 2016 kampuni mama ikawa KCB Group, na shughuli za benki hapa Kenya zikahamishiwa KCB Bank Kenya Limited. Hati ya kuondoa rehani ikitiwa sahihi kwa jina la KCB Group, msajili wa ardhi ataikataa. Ikitiwa sahihi kwa jina la KCB Bank Kenya bila kuonyesha ilivyopata haki za Savings & Loan, huenda akaikataa pia, kwa sababu jina lililo kwenye rejista yake ni lingine kabisa. Ambatanisha nakala za matangazo ya Gazeti Rasmi la Serikali ya hatua zote mbili. Magazeti hayo yanapatikana mtandaoni, tafuta kwa jina la kampuni, na uchapishe ukurasa mzima wenye namba ya tangazo na tarehe, siyo kipande tu.

Utaratibu wenyewe: unaiandikia benki, kitengo cha dhamana, ukiambatanisha sachi, cheti cha kifo, hati yako ya usimamizi wa mirathi na uthibitisho wowote wa mkopo kulipwa. Uthibitisho mzuri ni barua ya kumaliza mkopo. Wa pili kwa ubora ni taarifa ya mwisho ya akaunti inayoonyesha sifuri. Wa tatu ni stakabadhi za malipo zenye namba ya mkopo. Uliza pia mahali ilipo hati miliki halisi. Shamba likiwekwa rehani, hati hubaki benki. Mkopo ukimalizwa na mteja asirudi kuichukua, hati ilikaa kwenye chumba cha hazina cha tawi, na benki zilipounganisha kazi zao nyaraka hizo zilihamishwa makao makuu. Benki ikishindwa kuipata, lazima iseme hivyo kwa maandishi, kwa sababu bila barua hiyo utakwama kwenye ombi la hati nyingine.

Benki ikikubali, wakili anaandaa hati ya kuondoa rehani, maofisa wenye mamlaka ya uwakilishi yaliyosajiliwa wanaitia sahihi, na namba ya mamlaka hayo lazima ionekane chini ya sahihi. Hapo ndipo hati nyingi hurudishwa na ofisi ya Ardhi: sahihi ipo, namba haipo. Mkisharudi Kisumu mnaisajili, kisha fanyeni sachi nyingine siku chache baadaye. Msiridhike na stakabadhi ya malipo. Mpaka sehemu C isomeke safi, rehani bado ipo.

Neno moja kuhusu mirathi yenyewe. Ukijaza P&A 5, yaani kiapo kinachoambatana na ombi la mirathi kortini, orodhesha akaunti zote tatu na shamba, hata kama salio hulijui; andika "thamani haijajulikana". Familia nyingi huacha akaunti za zamani nje wakidhani hazina kitu, kisha cheti kinathibitishwa, kisha UFAA au benki inasema mali hii haimo kwenye cheti chenu. Inabidi kurudi kortini kukirekebisha, na hapo ndugu wote watie sahihi tena.

Nyalenda_B (Kisumu)

Asanteni sana, mmenifungua macho. Kitabu cha Jimba hakijakatwa kona, na kuna namba ya folio kwa wino mwekundu. Risiti ya Southern Credit ni halisi, chini kuna kisanduku cha kuendeleza kimetiwa tiki.

Maswali mawili. Trust Bank hakuna aliyeigusa: nikate tamaa? Na mama mdogo ametoa karatasi nyingine ya marehemu babu, National and Grindlays Bank, Kisumu, 1966. Hiyo nayo ni ya nani?

Karani_Mstaafu (Nakuru)

Tiki ya kuendeleza ni habari njema. Maana yake kila ilipoiva ilifunguliwa upya pamoja na riba, hadi ilipohesabiwa imelala. Tafuta kiasi kikubwa kuliko kilichoandikwa kwenye risiti, usije ukapita jina la mzee kwenye orodha kwa kuona pesa hazilingani.

Trust Bank iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 1998, mwaka uleule wa Bullion, Reliance na Prudential, kisha ikafilisiwa. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imeiunganisha Trust Finance ndani yake, kwa hiyo walioshika karatasi za Trust Finance nao wako kwenye ufilisi huohuo. Nataja hilo kwa sababu watu hudhani benki iliyotoka kuungana imepata nguvu. Miaka ile kampuni nyingi za fedha ziliingizwa ndani ya benki mama kwa sababu Benki Kuu ilitaka zote ziwe chini ya masharti sawa. Udhaifu wa kampuni uliingia ndani ya benki pamoja na amana zake.

Mrithi wa mafaili ya ufilisi ni KDIC, shirika la serikali la bima ya amana, iliyochukua nafasi ya ile Hazina ya Kulinda Amana. Kiwango kilichokuwa kikilindwa wakati ule ni Sh100,000 kwa kila mwenye amana. Kimekuwa Sh500,000 tangu Julai 2020, lakini hicho kipya hakirudi nyuma kwa benki zilizoanguka kabla. Salio la mzee, Sh64,000, lilikuwa chini ya kiwango. Waandikie ukiuliza kama dai lake lilisajiliwa, na kama lililipwa, lini. Inawezekana sana alilipwa. Wenye amana ndogo ndio walioanza kulipwa. Usitumie pesa ya wakili kwa hiyo moja. Barua na kopi zilizothibitishwa zinatosha.

Kuhusu Grindlays, hapo kuna mtego. National Bank of India ilifika Mombasa 1896, ikaungana na Grindlays mwaka 1958 na kuwa National and Grindlays. Mwaka 1970 serikali ilipoingia, benki iligawanyika. Matawi mengi, ya huku kwetu yakiwemo, yakawa Kenya Commercial Bank, serikali ikishika asilimia 60. Sehemu ndogo ikabaki kama Grindlays Bank International, ambayo mwaka 1992 ilichukuliwa na kundi la Standard Bank la Afrika Kusini na kuwa Stanbic. Jina moja kwenye karatasi, warithi wawili. Karatasi ya tawi la Kisumu inaelekea KCB. Ingekuwa barua ya kampuni kubwa Nairobi ningesema uliza kwanza Stanbic. Lakini niseme wazi: akaunti ya akiba ya 1966 ambayo haikuguswa tangu hapo, usiitumie muda kabla hujamaliza hizi nne.

Folio_71 (Kakamega)

Naweka hapa barua ya Consolidated, ibadilishe majina. Fupi inajibiwa, ndefu inawekwa kando.

*Kuh: Akaunti ya akiba Na. ____, Folio ____, Jimba Credit Corporation Limited, kwa jina la marehemu ____, Kitambulisho Na. ____.*

*Mimi ni msimamizi wa mirathi ya mtajwa hapo juu kwa hati Na. ____ ya Mahakama ya ____. Jimba Credit Corporation iliunganishwa katika benki yenu Desemba 1989. Salio la mwisho lililopigwa muhuri ni Sh____ tarehe ____ 1988. Kopi iliyothibitishwa imeambatanishwa.*

*Naomba mnijulishe kwa maandishi: (a) namba mpya ya akaunti hii baada ya kuunganishwa, (b) kama ilifungwa, tarehe na salio la kufungwa, (c) kama ilikabidhiwa UFAA, tarehe na kiasi.*

Tuma kwa mkono au kwa rejista, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Swali la (a) usiliache. Taasisi tisa zilipowekwa pamoja, namba za akaunti ziligongana, zikapewa mpya. Ukiuliza kwa namba ya zamani pekee, karani ataandika kwenye kompyuta, haitatokea kitu, na atakujibu kwa dhati kabisa kwamba akaunti haipo.

Mpesa_Na_Ugali (Nakuru)

Na hizi benki ndogo zilizopo sasa? Maana naona tunaambiwa mtaji unapandishwa tena.

Karani_Mstaafu (Nakuru)

Ni kweli. Sheria iliyorekebishwa mwishoni mwa 2024 inapandisha mtaji wa chini kwa ngazi: Sh3 bilioni kufikia mwisho wa 2025, Sh5 bilioni 2026, Sh6 bilioni 2027, Sh8 bilioni 2028 na Sh10 bilioni 2029. Msukumo ni uleule wa 2008, ila mara kumi. Mabango mengine yatashuka. Mwenye akaunti benki ndogo asikimbie kutoa pesa kwa sababu ya habari za kuungana tu, lakini afanye haya wakati benki ingali na jina lake: achapishe taarifa ya akaunti yenye muhuri, athibitishe namba ya kitambulisho na ya simu zilizo kwenye mfumo, na kama mkopo umeisha aondoe rehani sasa hivi, maofisa wa kutia sahihi wakiwa bado wako kwenye jengo lilelile. Tangazo la kuungana likitoka, litafute kwenye Gazeti Rasmi ulisome kama linasema mali na madeni yote yanahamishwa, au yaliyotajwa pekee.

Wakili_Milimani (Kisumu)

Ndugu Nyalenda, umeniuliza kwa ujumbe wa ndani kama unaweza kuandikia benki kabla ya hati ya mirathi. Najibu hapa iwafae wengine. Unaweza kuandika, lakini benki haitakufichulia salio, na ina haki kukataa. Kama hujafungua kesi, anza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, cheti cha kifo, kisha P&A 80 (ombi lenyewe) na P&A 5, pamoja na P&A 38 ya ridhaa ya ndugu. Baada ya tangazo la Gazeti kuna siku 30 za pingamizi. Kama kuna haraka ya kukusanya taarifa au kuzuia shamba lisiguswe, omba hati ya muda yenye mipaka. Mahakama huitoa kwa kukusanya na kuhifadhi mali tu, na benki huikubali kwa kutoa taarifa. Haitakuruhusu kupokea pesa na kuzigawa. Ombi hilo litaje kwa majina Consolidated, Equity, KCB, KDIC na UFAA, kila moja na karatasi yake, ili usirudi kortini kwa kila dirisha.